Kuchapa Picha kwa Mboga: Namna ya Kutumia Bamia, Chainizi na Viazi kama Mihuri

Chukua bamia moja iliyokomaa, ikate kwa upana kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye kikonyo, kisha uutazame upande uliokatwa. Utaona nyota yenye pembe tano, wakati mwingine sita au zaidi, na ndani ya kila pembe kuna chumba kidogo chenye mbegu nyeupe iliyotulia kama lulu ndani ya chaza. Umbo hilo limekwisha kuchongwa. Kinachobaki ni kulihamishia kwenye karatasi au kitambaa likiwa zima, na hapo ndipo wengi wanaoanza hukwama, kwa kuwa huishika mboga kana kwamba ni muhuri wa mpira wa ofisini. Mpira hauna maji ndani yake, ilhali sehemu kubwa ya mboga ni maji, na maji hayo hupambana na rangi tangu unapokata hadi unapochapa. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unatoa nafasi kubwa zaidi kwa kazi ya kukata na kukausha kuliko kazi ya kuchapa yenyewe, ambayo ikifikiwa kwa maandalizi mazuri huwa nyepesi hata kwa mtoto wa miaka mitano.

Kuchagua mboga

Ninaanza na suala la chakula, kwa maana si sawa kuchezea mboga ambayo ingeweza kuingia chunguni. Bahati njema ni kwamba mboga zinazochapa vizuri mara nyingi ni zile zilizokwisha kukataliwa na mpishi. Bamia kongwe, iliyokomaa hadi ikawa na nyuzi ngumu na haivunjiki ncha ukiipinda, haifai kwa mchuzi lakini kwa chapa ndiyo bora kabisa, kwa sababu kuta zake ni imara na haitoi ute mwingi kama bamia changa. Nenda sokoni jioni wauzaji wanapokusanya masalia, uwaombe bamia za namna hiyo. Mara nyingi watakupa kwa bei ndogo au bila malipo. Hali kadhalika kitako cha chainizi, yaani ile sehemu nyeupe ya chini inayokatwa na kutupwa kabla majani hayajaoshwa, hutoa chapa inayofanana na waridi lililochanua, na sijaona mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza akaamini kwamba ni chainizi. Kitako cha saladi hutoa waridi la aina hiyohiyo, dogo kidogo na lenye petali zilizosongamana.

Kitunguu maji kilichokatwa kwa upana hutoa miduara iliyo ndani ya miduara. Kabichi lililokatwa kutoka juu hadi kwenye shina hutoa picha kama ya mti mkubwa wenye matawi yaliyojikunja, na hiyo ndiyo chapa yenye mistari mingi kuliko zote nitakazozitaja. Pilipili hoho ina umbo la ua la petali tatu au nne. Karela, kwa wale wanaoishi pwani ambako hupatikana kwa urahisi, ina ukingo wa mawimbi ambao hakuna kisu kinachoweza kuuiga. Karoti ni duara tu, lakini ni ngumu na haichoki, kwa hiyo inafaa kwa nukta na kwa kuchonga maumbo madogo. Bilinganya nyama yake ni kama sponji. Hunywa rangi nyingi na kutoa alama yenye ukungu, jambo linalopendeza kwa mawingu au kivuli lakini si kwa umbo lenye ukingo mkali. Nyanya na tango ziache kabisa. Zina maji mengi mno, na muda utakaotumia kuzikausha ungetosha kuchapa kurasa kumi kwa bamia.

Vifaa

Vifaa havigharimu. Unahitaji kisu kikali chenye makali marefu na kisu kidogo cha kuchongea, kibao cha kukatia, vitambaa vikavu viwili vya pamba, taulo kuukuu, gazeti, sahani bapa mbili au tatu, na vipande vya sponji la godoro vilivyokatwa kwa ukubwa wa kiganja. Rangi iwe ya maji ile nzito ya chupa au akriliki kwa karatasi, na rangi maalumu ya kitambaa iwapo unakusudia kuchapa nguo. Karatasi nzuri ni ile isiyong'aa: ya daftari la kuchorea, manila, au hata karatasi ya kaki ya kufungia vitu, ambayo rangi nyeupe hukaa juu yake kwa uzuri wa pekee.

Kukata

Upande utakaochapa ni lazima uwe bapa kabisa. Mboga ikikatwa kwa kusogeza kisu mbele na nyuma kama msumeno, hubaki na vijimatuta ambavyo jicho haliyaoni lakini karatasi itayaonyesha, na sehemu nzima za picha zitakosa rangi. Kwa hiyo weka kisu kirefu juu ya mboga, kielekeze wima, kisha ukishushe kwa mkupuo mmoja pasipo kusita. Baada ya kukata, iweke mboga juu ya kipande cha kioo au meza laini, upande uliokatwa ukiwa chini, na uitikise kwa kidole. Ikiyumba, ikate upya kipande chembamba. Usijaribu kusawazisha kwa kukwangua.

Chainizi inahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya kukata, funga mabua yake kwa rababendi kiasi cha sentimita tano kutoka chini, na rababendi nyingine juu kidogo ya hiyo, ili mabua yasitawanyike kisu kinapopita. Kata kati ya kitako na rababendi ya chini. Sehemu iliyobaki na mabua ipike kama kawaida. Kitako ndicho muhuri wako, na kwa kuwa kina upana wa kushikika hakihitaji mpini. Kwa kitunguu, usikimenye. Ganda la nje ndilo linaloshikilia miduara isiachane.

Kukausha

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nawaomba wasomaji wasiwe na haraka. Upande uliokatwa ukiwa na unyevu, rangi haiishiki mboga bali huelea juu ya maji. Ukiibonyeza kwenye karatasi, rangi husukumwa kuelekea ukingoni, katikati pakabaki patupu na pembezoni pakawa na mstari mnene uliovuja. Anayeona matokeo hayo hudhani ametumia rangi kidogo, akaongeza, na tatizo likazidi. Dawa yake si rangi bali ni kitambaa kikavu.

Kiazi mviringo kina wanga pamoja na maji. Ukikikata, uso wake hufunikwa na utando mweupe unaoteleza. Upanguse kwa kitambaa, subiri dakika kumi, kisha upanguse tena, kwa kuwa maji mengine yatakuwa yamepanda juu. Ukiona kiazi kinageuka rangi ya udongo kwa kukutana na hewa usihofu. Jambo hilo haliathiri chapa hata kidogo. Bamia ina ute badala ya wanga, na ute huo ni mkaidi zaidi kuliko maji. Zilaze bamia zako zilizokatwa juu ya kitambaa cha pamba, uso ukiwa chini, kwa nusu saa nzima, kisha uziguse kwa ncha ya kidole: kidole kikinyanyuka na uzi wa ute, bado hazijawa tayari. Kitunguu kiache kwa saa mbili au tatu hewani, na utaona miduara yake ikianza kuachana kwa upana wa unywele. Nafasi hizo ndizo zitakazobaki nyeupe kwenye karatasi na kuipa chapa uwazi wake. Ukikiacha usiku kucha katika sehemu yenye joto, kinaweza kulegea na kusambaratika mkononi. Kabichi lilaze kwenye taulo, uso chini, ukiweka juu yake kitu kizito kiasi, kama chungu kidogo chenye maji, kwa muda wa saa moja; uzito huo hutoa maji na wakati huohuo husawazisha uso.

Wanaoishi Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa waongeze muda huo wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu. Jua kali nalo si msaada. Hukausha ukingo kabla ya katikati, na mboga hujikunja.

Rangi na namna ya kuipaka

Rangi iwe na uzito wa mtindi: ukiichota kwa kijiko na kuinamisha, idondoke kwa kuchelewa badala ya kutiririka. Iwapo rangi ya shule uliyo nayo ni nyepesi, unaweza kuitia uzito kwa gundi ya wanga. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga laini wa muhogo katika nusu kikombe cha maji baridi, bandika kwenye moto mdogo huku ukikoroga hadi mchanganyiko uache kuwa mweupe na uwe kama kioo chenye ukungu, kisha uuache upoe kabisa. Changanya sehemu moja ya gundi hiyo na sehemu mbili za rangi. Mchanganyiko huu ni wa karatasi pekee. Kwenye kitambaa wanga utatoka kwa mfuo wa kwanza na kuondoka na rangi.

Usichovye mboga ndani ya rangi. Lowesha sponji la godoro, likamue kwa nguvu zako zote, liweke juu ya sahani, kisha umwagie rangi kijiko kimoja na kuisambaza kwa mgongo wa kijiko. Sponji hilo ndilo kidau chako. Gonga mboga juu yake mara mbili au tatu kwa upole, ukiizungusha kidogo kila mara, na kabla ya kuchapa igeuze utazame: kuta za bamia ziwe zimepakwa na vyumba vya ndani viwe vitupu. Vyumba vikijaa rangi, nyota itageuka doa. Kwa kabichi, ambalo ni kubwa kuliko sponji, tumia brashi pana yenye rangi kidogo na uipitishe juu ya mistari bila kukandamiza, ili rangi ishike miinuko na kuacha mabonde.

Kupiga chapa

Kunja taulo mara mbili, weka gazeti juu yake, kisha karatasi yako. Taulo hilo watu hulipuuza, na kwa kweli linabadilisha kila kitu, kwa sababu mboga haikosi kuwa na bonde dogo mahali fulani, na meza ngumu haiwezi kulifuata bonde hilo, lakini taulo hujaza. Ishushe mboga wima, ibonyeze kwa uzito wa mkono bila kuisogeza, hesabu hadi tatu, kisha uinyanyue wima vilevile huku mkono wa pili ukiwa umeshika karatasi. Chapa inayoharibika wakati huu, mara nyingi imeharibiwa na kuinyanyua mboga kwa kuiinamisha.

Chapa ya kwanza ipige kwenye karatasi ya majaribio. Chapa ya pili, bila kuongeza rangi, mara nyingi ndiyo bora: rangi iliyozidi imekwisha kuondoka, na vinyuzi vidogo vya mboga vinaonekana. Siku niliyompa binti wa kaka yangu kitako cha chainizi, alipiga chapa moja nzito ya kijani, akaikunjia uso, akabonyeza tena palepale pembeni kabla sijamzuia, na waridi la pili likatoka na mishipa yake yote, hata ile miembamba iliyo ndani ya bua. "Shangazi, hili limejichora lenyewe," alisema, na tangu hapo sipaki rangi upya kabla ya kupiga chapa mbili.

Kiazi cha kuchonga

Mboga zote zilizotangulia hutoa umbo zililo nalo. Kiazi hutoa umbo unalotaka wewe, na ndiyo sababu kinastahili nafasi yake. Kiazi kitamu ni kigumu kuliko kiazi mviringo na kina maji machache, hivyo ukingo wake hubaki mkali kwa chapa nyingi zaidi. Hutoa utomvu mweupe unaonata kinapokatwa, nao upanguse kabla haujakauka. Chora umbo kwa kalamu ya wino moja kwa moja juu ya uso mkavu, kisha ukate kufuata mstari kwa kina cha nusu sentimita, ukiinamisha kisu kidogo kuelekea nje ili shina la umbo liwe pana kuliko uso wake. Umbo lililokatwa kwa kuingia ndani hukosa msingi na hupinda likibonyezwa. Baada ya hapo kata kutoka ubavuni kuelekea mstari uliouchora, na vipande visivyotakiwa vitadondoka vyenyewe. Chomeka uma nyuma ya kiazi uwe mpini. Kwa watoto huo ndio mpango salama, mkubwa akate na kuchonga, mtoto ashike uma na kuchapa.

Herufi huchongwa kinyume. Iandike kwenye karatasi nyembamba kwa kalamu nzito, igeuze karatasi, na uinakili kama inavyoonekana kwa nyuma. Neno zima nalo linachapwa kuanzia herufi ipi utakayo, mradi kila herufi iwe na muhuri wake.

Maarifa haya ya kuchonga muhuri kutoka kwenye tunda la shambani yana mizizi mirefu barani kwetu. Huko Ntonso, karibu na Kumasi nchini Ghana, mafundi huchonga alama za adinkra, yaani michoro ya jadi ya Waashanti ambayo kila mmoja una maana yake, kwenye vipande vya kibuyu kikavu, huzitia vijiti vya mpini, na kuzichapa juu ya nguo kwa wino mweusi unaochemshwa kutokana na magome ya mti. Kitambaa kimoja cha adinkra kilichopatikana mwaka 1817 kipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kibuyu kikavu hudumu miaka. Kiazi hudumu siku mbili. Hata hivyo mkono unajifunza jambo lilelile.

Kupanga picha

Anayeanza hutawanya chapa ovyo hadi karatasi ijae, kisha hushangaa kuona hakuna picha. Namna nzuri ya kujifunza mpangilio ni kuifuata kanga, ambayo kila mmoja wetu ameiona tangu akiwa mbelekoni: ina pindo linalozunguka pande zote nne, na ndani yake kuna mji. Chukua karatasi ya ukubwa wa A3, ambayo ni sentimita 29.7 kwa 42, na upige mstari hafifu wa penseli sentimita sita kutoka ukingoni. Pindo lijaze kwa bamia zilizopangwa karibu karibu kwa rangi moja, ukianzia kwenye pembe nne na kuelekea katikati ya kila upande, ili ikiwa nafasi haitoshi ukosefu uangukie katikati, ambako jicho husamehe, wala si pembeni. Katikati ya mji weka waridi moja kubwa la chainizi, au kabichi, na uache uwazi kulizunguka. Chini ya waridi, mahali ambapo kanga hubeba jina lake, chapa maneno kwa herufi za kiazi. Rangi mbili zinatosha, na ya tatu iwe ya karatasi yenyewe. Anayetaka mfano akitazame kisutu, aina mojawapo ya kanga, ambacho kwa wekundu, weusi na weupe tu kimewatosha maharusi wa pwani kwa vizazi.

Kwenye kitambaa

Kitambaa kiwe cha pamba tupu, na kifuliwe kwa sabuni kabla ya kuchapwa. Nilipoteza kitambaa cha meza kizima kwa kuruka hatua hii: nguo mpya ina wanga unaoipa ugumu dukani, rangi yangu ilishika wanga huo badala ya pamba, na mfuo wa kwanza uliondoka na nusu ya nyota zangu. Baada ya kufua, kausha, piga pasi, na ukitandaze juu ya taulo lilelile ukikibana kwa pini. Bonyeza kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kwenye karatasi, na hesabu hadi tano. Acha kikauke kwa siku nzima, kisha ukigeuze na kukipiga pasi ya moto bila mvuke kwa upande wa nyuma, dakika tatu hadi tano kila sehemu, isipokuwa kama chupa ya rangi inaelekeza vinginevyo. Pasi ya mkaa inafaa sawasawa na ya umeme mradi majivu yasidondoke. Usikifue hadi siku kadhaa zipite, na ukikifua tumia maji baridi.

Wengi huuliza kama wanaweza kutumia rangi za jikoni. Kwa mchezo wa alasiri moja na watoto wadogo, ndiyo: binzari iliyokorogwa na gundi ya wanga hutoa manjano yanayowaka, na biti au choya hutoa wekundu wa zambarau. Lakini mwanga huzififisha zote, na binzari ina tabia yake. Chapa nyota ya binzari, iache ikauke, kisha uiguse kwa kidole chenye povu la sabuni ya kufulia: manjano yatageuka mekundu kama damu mbele ya macho yako. Kwa picha unayotaka kuitundika ukutani, tumia rangi ya dukani.

Kutunza na kumaliza

Muhuri wa kiazi ukiufuta na kuufunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friji utatumika kesho na pengine keshokutwa, baada ya kukata tena kipande chembamba cha juu. Bamia na chainizi hazisubiri. Zitumie siku hiyohiyo. Mboga iliyopakwa rangi ya dukani isirudi chunguni wala isipewe kuku au mbuzi. Sponji lisuuze mara moja kabla rangi haijaganda, hasa akriliki, ambayo ikishakauka haitoki tena kwa maji. Picha zako zitundike kwenye kamba kwa vibanio hadi zikauke, na kwenye pembe ya chini ya kila moja andika kwa penseli tarehe na jina la mboga, kwa kuwa baada ya miezi michache hata wewe mwenyewe hutakumbuka waridi lipi lilikuwa chainizi na lipi lilikuwa saladi.